Siku nane jikoni kwa mama mkwe, Kilolo

Niliandika haya wiki mbili baada ya kurudi Dar. Haya nimeyapanga kutoka kwenye daftari dogo nililokuwa naandikia matumizi, pamoja na picha za simu, kwa hiyo bei ni za kweli nilizolipa mimi mwezi Aprili 2025.

Kwao mume wangu ni Kilolo, mkoa wa Iringa. Tuna miaka sita kwenye ndoa na nilikuwa sijawahi kufika. Wakati wa harusi mama mkwe alikuja Dar, akakaa siku nne, na jikoni kwangu alipika mara moja tu. Nilimuuliza kama jiko la gesi linamsumbua. Akanijibu, "Halinisumbui mwanangu, ila halisemi." Maneno hayo sikuyaelewa, na sikuthubutu kuuliza zaidi. Mwaka 2025 baba watoto alikosa ruhusa kazini, nikaamua Pasaka niende mimi na binti yetu wa miaka minne na nusu, akamwone bibi yake ana kwa ana badala ya kwenye simu.

Jumatano 16 Aprili: Mbezi hadi Ipogolo

Saa 11 alfajiri tulikuwa stendi ya Magufuli, Mbezi. Tiketi ya Iringa nilikata siku mbili kabla kwa 33,000. Mtoto nilimpakata. Wiki ya Pasaka usijidanganye kwamba utakata tiketi asubuhi ile ile. Niliwaona watu wamekaa juu ya mabegi wakisubiri basi la tatu, la nne.

Kibaha, Chalinze, Morogoro, tulilala. Mikumi ndiyo ilituamsha. Barabara inakatiza ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50 na dereva analazimika kupunguza mwendo, kwa hiyo mtoto aliwaona twiga wawili, swala wengi, na nyani aliyekaa pembeni ya lami kama anasubiri basi lake. Ruaha Mbuyuni nilinunua vitunguu dirishani, mfuko wa wavu 5,000. Vya pale ni vikavu na vinakaa. Nilivyobakiza bado ninavyo.

Kitonga tulikwama. Lori la mzigo lilikuwa limekatika ekseli kwenye kona, na huku ni mlima, huku ni korongo. Tulikaa saa mbili na dakika kumi. Jua lilipoanza kushuka ubaridi ukaingia kwa madirishani, na mimi sweta la mtoto nilikuwa nimeliweka kwenye begi kubwa, chini kabisa ya buti. Mama mmoja wa makamo aliyekaa nyuma yetu alivua kitenge alichokuwa amejifunga begani akamfunika mwanangu bila kusema neno. Nilipotaka kumrudishia Iringa akasema, "Huko unakoenda ndiko kwenye baridi. Mimi nimeshafika." Sikumjua jina. Kitenge kile cha rangi ya ugoro ninacho hapa. Kwa hiyo nawaambia wenzangu wa pwani: sweta, soksi na kofia ya mtoto vikae kwenye mkoba wa mkononi, hata kama Mbezi mnatoka jasho.

Tulipita Ilula penye matenga ya nyanya, tukapita Lugalo. Mzee aliyekaa upande wa pili alimwonyesha mjukuu wake kwa kidole, akamwambia ndipo Wahehe wa Mkwawa walipowapiga Wajerumani mwaka 1891. Saa 1 kasoro jioni tukashuka Ipogolo, chini ya mlima wa mji. Gesti 20,000, maji ya moto kwenye ndoo, na wali maharage 2,500.

Alhamisi 17 Aprili: Ipogolo hadi nyumbani

Asubuhi nilipanda mjini sokoni. Nilikuwa nimemuuliza wifi kwa simu nibebe nini, akanitajia vitu ambavyo kule havilimwi au dukani ni ghali. Nikachukua sukari kilo 5, mchele wa Pawaga kilo 10, mafuta ya alizeti galoni ya lita 3, sabuni za miche, chumvi, na perege wakavu wa Mtera. Jumla 78,000. Kama unakwenda ukweni vijijini huku usibebe mahindi wala maharage wala viazi; utakuwa umebeba maji kupeleka ziwani.

Noah ya kwenda Kidabaga ilijaa baada ya saa mbili za kusubiri. Nauli 7,000. Mbele lami ikaisha, ikaanza barabara ya udongo mwekundu, na mvua ya usiku ilikuwa bado haijakauka. Vilima vinapandana kushoto na kulia, misindano juu, mashamba ya mahindi na njegere mpaka kwenye miteremko ambayo mimi hata kusimama nisingeweza. Dereva aliteremsha abiria mara mbili ili gari lipande likiwa jepesi. Tulipanda kwa miguu nyuma yake, mtoto mgongoni kwa kitenge cha yule mama.

Kutoka Kidabaga kuna kilomita tisa hivi mpaka nyumbani, na hapo ni bodaboda tu, 8,000 pamoja na mzigo. Kijana aliendesha kwa uangalifu, lakini kwenye mteremko mmoja tairi la nyuma liliteleza tukalala ubavu, taratibu, kwenye tope. Hatukuumia. Galoni ya mafuta ndiyo iliyopasuka.

Kwenye nyumba iliyokuwa jirani alitoka mwanamke na watoto watatu. "Kamwene," akasema, nami nikamjibu "Kamwene," neno pekee la Kihehe nililokuwa nimefundishwa vizuri. Hakuuliza natoka wapi. Aliinamisha galoni ufa uangalie juu, akatuma mtoto akalete chupa mbili tupu, akamimina kilichobaki, kama lita moja na kitu. Kisha akatuingiza jikoni kwake. Akasogeza magogo, moto ukaamka, akamvua mwanangu soksi akazitandaza juu ya jiwe la pembeni, akampa hindi la kuchoma. Tulikaa pale karibu nusu saa. Nilipotaka kumwachia chupa moja ya mafuta alikataa katakata, ila alikubali vitunguu vitano.

Nyumbani tulifika saa 10 jioni. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye uwanja, amejitanda. Nikapiga goti, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu kwako." Kisha akamtazama mjukuu wake, ambaye alijificha nyuma yangu, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Huyu pua ni ya baba yake. Haina hata haja ya kuuliza."

Jiko la mama ni nyumba ya peke yake, ya matofali ya kuchoma, na dirisha dogo. Katikati kuna mafiga matatu. Juu yake kuna uchaga wa fito, na kwenye uchaga yamening'inizwa mahindi ya mbegu, mafungu kwa mafungu, yamegeuka rangi ya kahawia kwa masizi. Aliniambia moshi ndio unaomfukuza dumuzi, na kwamba mbegu ya uchagani haijawahi kumwangusha. Usiku ule tulikula ugali wa dona na majani ya maboga. Ugali wa kule ni mgumu, tonge linasimama lenyewe. Baba mkwe nilimnawisha mikono, yeye na shemeji wakala sebuleni, sisi wanawake na watoto tukala jikoni, na kusema kweli jikoni ndiko kulikokuwa na joto na habari zote.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kanisani asubuhi, kutembea dakika arobaini kwenda na zaidi ya hapo kurudi kwa sababu kila nyumba lazima usimame usalimie.

Nyama hakuna siku hiyo, na mama aliamua kesho yake tuamkie kande. Kande za kwake huanza mchana wa siku iliyotangulia. Nilikuja na daftari, nikakaa kwenye kigoda, kalamu mkononi.

Mahindi makavu aliyachukua kwa kikapu kidogo cha milulu, hivi vikapu vinavyofumwa Iringa. Akayatia kwenye kinu, akanyunyiza maji kwa kiganja, na tukaanza kutwanga, mimi na wifi, mchi huu ukishuka ule ukipanda. Kazi hapo ni kukoboa, siyo kusaga. Ukipiga kwa nguvu punje zinavunjika. Ukipiga kwa uvivu ganda halitoki. Wifi alinisikiliza kidogo akasema, "Wifi, mchi wako unalia kwenye mbao. Lenga mahindi." Kweli, mchi ukigonga punje sauti inakuwa nzito na fupi. Ukigonga ukuta wa kinu unalia kama mlango. Baada ya hapo sikuhitaji hata kuangalia.

Yakishakobolewa yanapepetwa kwenye ungo, kapi linapelekwa kwa kuku, punje nyeupe zinaoshwa mara tatu. Nikamuuliza mama, maharage kiasi gani? Akachota kwa viganja viwili, akatia kwenye ungo, akachota tena, akatazama idadi ya watu waliokuwa pale, akaongeza nusu kiganja. Nikaandika: viganja viwili na nusu. Akasoma nilichoandika, maana anasoma vizuri, akaniambia, "Lakini andika viganja vya nani."

Mahindi yanatangulia. Maharage yanaingia baadaye, mahindi yakishaanza kulainika, la sivyo maharage yatapasuka na punje bado zinagoma kama kokoto. Chumvi mwishoni kabisa. Chungu alichotumia ni cha udongo, kimerithiwa kutoka kwa mama yake baba mkwe. Kufikia saa 3 usiku aliondoa kuni kubwa, akaacha makaa ya mwati, kwa sababu kuni za mkaratusi zinawaka haraka na kuisha, lakini mwati unaacha kaa linalodumu. Akayakusanya makaa katikati ya mafiga, akayafunika kwa majivu mpaka mwanga wote ukapotea, akafunika chungu kwa sahani na kitambaa.

"Sasa kitajipikia," akasema.

Kabla hatujaondoka alinivuta mkono nikae karibu. "Sikia." Nilisikia mchemko mdogo, mwembamba, wa haraka. "Hayo ni maji bado. Maji yakiwa mengi chungu kinapiga porojo. Kikikaribia kuiva kinazungumza kizito, kinakata maneno. Kikinyamaza kabisa ujue kinaanza kuungua." Niliandika yote hayo. Hapo ndipo nilipokumbuka jiko langu la gesi lisilosema.

Jumamosi 19 Aprili

Siku hii bado inanikaa moyoni.

Niliamka wa kwanza, saa 11 na nusu, nikitaka mama akiamka akute kazi imefanyika. Nikaingia jikoni, nikakiteremsha chungu nikakiweka pembeni, nikachota maji nikamwagia mafiga, nikazoa majivu yote nikayatupa, nikafagia mpaka pakang'aa. Jikoni kwangu ndivyo ninavyoanza siku: natanguliza usafi.

Mama alipoingia alisimama mlangoni. Hakupaza sauti. Alipiga magoti pale kwenye mafiga, akaweka kiganja juu ya udongo uliolowa, akakaa hivyo kidogo. "Umeuzima," akasema.

Wifi ndiye aliyenieleza nje. Moto ule haukuwa umezimwa tangu mvua zilipoanza. Kila usiku unafukiwa, kila asubuhi unafukuliwa, unapulizwa, unapewa vijiti. Kiberiti kipo, lakini msimu huu kuni zote zina unyevu. Utamaliza njiti nusu ya paketi na moshi utakaokutoa machozi, na hiyo ni kuni ambazo zimekaa kando ya moto. Sasa hata zile za kando ya moto nilikuwa nimezirushia maji. Zaidi ya hapo, nyumba ikizima moto wake asubuhi, majirani wanaona moshi hautoki, na mtu anaweza kuja mbio kuuliza kama kuna mgonjwa.

Na kweli walikuja. Kabla hatujapata la kufanya, bibi jirani alishachungulia, fimbo mkononi, "Kamwene, mbona kimya?" Mama akamweleza kwa Kihehe. Nilisubiri waniangalie. Bibi alinitazama, akanishika bega, akaniambia kwa Kiswahili, "Hata mimi nilipoolewa niliuzima. Mama mkwe wangu alinituma mimi mwenyewe nikaombe." Kisha akamgeukia mama: "Mtume mtoto. Mtoto hanyimwi."

Binti yangu akapewa kigae cha chungu kilichovunjika, kimewekwa majivu chini, akaenda na binti wa wifi mwenye miaka tisa. Niliwatazama wakishuka kwenye kijia kati ya mahindi yaliyowazidi kimo. Walirudi wakitembea polepole, yule mkubwa ameshika kigae kwa mikono miwili, wangu akitembea mbele kama askari, akipiga kelele, "Moto unapita! Moto unapita!" Kwenye kigae kulikuwa na makaa matatu, kila moja kama yai la kuku, yamefunikwa majivu.

Mama akayaweka kwenye nyasi kavu alizozitoa chini ya uvungu wa kitanda chake, akainama akapuliza, siyo kwa nguvu, pumzi ndefu ya chini kama mtu anayetaka kumlaza mtoto. Nyasi zikaanza kutoa moshi wa bluu, halafu ulimi mmoja mwembamba, halafu gunzi likashika. Alinyanyua uso, umejaa majivu, akaniambia, "Haya, leta chungu. Kande hazijaiva."

Tulikula saa 4 asubuhi. Mama hakuzikaanga, alitia chumvi, kitunguu cha Ruaha Mbuyuni kilichokatwa kikubwa, na karanga zilizosagwa, akageuza mara moja kwa mwiko. Bakuli la kwanza kubwa lilienda kwa bibi aliyetoa makaa, nalo nilipeleka mimi.

Jioni baba mkwe alimwita mjukuu wake, "mchumba wangu njoo," akatupeleka nyuma ya nyumba kwenye mianzi ya ulanzi, pombe ya mwanzi. Msimu wa mvua ndio msimu wake. Chipukizi la mwanzi linakatwa ncha, inafungwa mbeta hapo, yaani chombo cha kipande cha mwanzi cha kukingia, na maji yanadondoka. Kila asubuhi na jioni anakata tena kipande chembamba kama sarafu ili kidonda kisizibe. Uliotoka asubuhi ile ni mtamu, una rangi ya maji ya mchele. Huo wanauita togwa. Ukilala unachacha na kuwa mkali, mkangafu, na huo ndio wanaoutafuta wanaume jioni. Mtoto alionja tone kwenye kidole cha babu. Mimi nilipewa kikombe kimoja cha togwa, kikanitosha. Mgeni asiyezoea asiupime kwa utamu wake, maana uleule aliokunywa asubuhi, jioni si ule tena.

Pasaka, Jumapili 20 Aprili

Ibada ndefu, kwaya tatu, watoto wote wana nguo mpya na viatu vyenye tope.

Jogoo mmoja alichinjwa na shemeji. Mama aliniachia mimi nipike wali, akisema wa pwani wanajua wali. Nilitafuta nazi kichwani kwanza, ndipo nikakumbuka niko wapi. Nikaupika kwa mafuta yaliyookolewa kwenye chupa za yule mama wa njiani. Moto wa kuni kwa wali ni mtihani: mama alinikalia pembeni akivuta ukuni mmoja nje maji yalipokauka, akaweka makaa juu ya mfuniko. Chini haukuungua. Viazi na njegere alivipika mwenyewe, njegere mbichi zilizochumwa asubuhi, viazi vimekatwa vipande vikubwa, maji kidogo, na unaacha viazi vichache vipondeke ili mchuzi uwe mzito bila kutia kitu kingine.

Firigisi la jogoo, ambalo kila mtu anajua ni la baba, baba mkwe alilitoa kwenye sahani yake akalituma jikoni kwa mchumba wake. Wifi akaniambia hajawahi kumwona akifanya hivyo.

Jumatatu 21 Aprili

Mvua kutwa. Tulikaa jikoni. Nilijifunza kuandaa majani ya maboga: unavunja kikonyo unakivuta taratibu ili nyuzi zitoke na ngozi ya chini ya jani, kisha unayafikicha kati ya viganja mpaka vile vinywele vinavyokwaruza vilainike. Mtu akiruka hatua hiyo analaumu mboga kwamba inawasha ulimi. Mama alinihadithia pia kuhusu vinyungu, bustani za bondeni ambazo zinafunguliwa mvua zikiisha, maji yakianza kupungua, ili nyumba isikose mboga kiangazi. Akasema nirudi mwezi wa nane nikamsaidie kupalilia. Nilisema ndiyo, na nilimaanisha.

Usiku alinipa majivu nifukie moto mimi. Nilichukua muda mrefu, nikaongeza na kuongeza. Akanizuia mkono. "Ukiufunika sana nao unakufa. Uachie pa kuvutia pumzi." Asubuhi niliamka kabla ya wote nikafukua. Ulikuwepo.

Jumanne 22 na Jumatano 23 Aprili: kurudi

Shemeji alitupeleka Kidabaga kwa pikipiki yake akakataa hela ya mafuta. Njiani tulisimama kwa yule mama wa galoni; hakuwepo, yuko shambani, nikawaachia watoto wake sabuni mche mmoja na mafungu mawili ya perege. Noah 7,000, gesti 20,000, basi 33,000, chakula cha njiani 5,000. Kwa safari nzima nilitumia 218,500, na zaidi ya theluthi moja ni zawadi. Anayetaka kubana matumizi aondoke Ipogolo siku ile ile kama basi lake linafika mapema, ila usipande Kilolo usiku msimu wa mvua.

Mzigo tuliorudi nao ulikuwa mzito kuliko wa kwenda: debe la viazi, maharage, njegere, na mahindi yaliyokwisha kukobolewa kwenye mfuko wa sukari niliyoipeleka mimi. Kitonga tulishuka bila kukwama.

Jumamosi iliyofuata nilipika kande nyumbani, kwenye gesi, kwenye sufuria. Saa ya tatu sikujua nizime au niongeze. Nikampigia mama. Nilimweleza rangi, nilimweleza punje nilizobonyeza, akawa ananisikiliza tu, kisha akasema, "Mwanangu, maneno mengi. Weka simu karibu na sufuria."

Nikafunua mfuniko, nikaisogeza simu. Jikoni tukakaa kimya wote, mimi, mtoto, na baba yake aliyesimama mlangoni.

"Bado," mama akasema. "Ongeza maji kikombe, na upunguze moto. Nitakaa hapa hapa nisikie."